Kupima akiba na thamani ya kitalu cha mafuta: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wengi wanaojifunza kazi hii hukwama mahali palepale. Jedwali linapangwa vizuri, eneo linazidishwa kwa unene, jibu linazidishwa kwa bei, yanatoka mabilioni ya dola, na ofisa wa benki anafunga faili kabla hajafika ukurasa wa pili. Kuzidisha wanajua. Kosa lao ni kuhesabu mafuta yaliyomo ardhini na kuyaita akiba.

Akiba haitoki kwa mjiolojia peke yake. Ni mapipa yanayobaki baada ya mwamba, bei, gharama na mkataba kila kimoja kuchukua chake. Hatua zilizo hapa zinafuata mpangilio huo. Ukiruka moja, jedwali halitakupigia kelele. Litakupa tu namba nzuri isiyo ya kweli.

Kanda ya Ziwa mambo haya hayako mbali tena. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linaingia nchini kwa Kagera na kupita Geita na Shinyanga. Mhasibu au mhandisi aliyekaa Mwanza anaweza kuulizwa wakati wowote kitalu fulani kina thamani gani. Kitalu tutakachotumia hapa ni cha kubuni, tukiite Kitalu M, lakini namba zake zote zinajumlishika. Fuatana nazo kwenye jedwali lako mwenyewe.

## Mahitaji

Kompyuta yenye Excel au LibreOffice Calc (hii ya pili ni ya bure). Simu itakuchosha: jedwali la miaka 14 halisomeki kwenye kioo kidogo, na fomula zikikosewa huzioni.

Takwimu za uzalishaji za mwezi kwa mwezi, angalau miezi 24: mafuta, maji, gesi na siku ambazo kisima kilifanya kazi. Kama huna za kwako, jifunzie kwa za Norwei. Mamlaka yao ya mafuta ya baharini huweka mtandaoni uzalishaji wa kila eneo bila malipo, na mwaka 2018 kampuni ya Equinor ilitoa hadharani data ya eneo la Volve, lililozalisha kuanzia 2008 hadi 2016.

Ripoti ya mwamba: ramani, logi za visima (vipimo vya mwamba vinavyochukuliwa kwa kushusha vifaa kisimani), na majibu ya maabara ya mafuta yenyewe.

Hesabu za gharama za miezi 12 hadi 24 iliyopita, zikitenganisha gharama zisizobadilika (mishahara, ulinzi, bima) na zile zinazopanda na kushuka na mapipa (umeme wa pampu, kemikali, usafirishaji).

Mkataba wenyewe, wote. Muhtasari wa kurasa mbili hautoshi.

Na ukurasa wa kwanza wa faili uwe wa makisio tu: bei, mrabaha (sehemu ya mapato inayokatwa kwa ajili ya serikali), kodi, kiwango cha kushuka kwa uzalishaji. Kila namba iwe na chanzo chake pembeni. Ukizika bei ya dola 70 ndani ya fomula, siku bei ikibadilika utarekebisha seli tisa na kusahau ya kumi.

## Hatua ya 1: Tenga mapipa kabla ya kuyahesabu

Samaki waliomo ziwani si samaki waliofika Mwaloni Kirumba, na waliofika Mwaloni si wote wanaouzwa kwa bei inayorudisha mafuta ya boti. Ndivyo ilivyo hapa.

Mfumo unaotumika duniani, uliotolewa mwaka 2007 na kuhuishwa 2018 kwa uongozi wa chama cha wahandisi wa petroli, SPE, una makundi matatu:

- Akiba: yamegunduliwa, yanaweza kutolewa, yanalipa, na kuna mradi ulioamuliwa wa kuyatoa.
- Rasilimali zinazosubiri: yamegunduliwa, lakini kuna kizingiti. Pengine hakuna soko, hakuna bomba, au uamuzi wa kuwekeza bado.
- Rasilimali tarajiwa: bado hayajagunduliwa. Ni makisio ya ramani.

Uganda ni mfano mzuri. Chini ya ardhi kando ya Ziwa Albert inakadiriwa kuwa na mapipa bilioni 6.5, lakini yanayotarajiwa kutoka ni kama bilioni 1.4. Hiyo ni karibu asilimia 22. Anayeandika bilioni 6.5 kwenye safu ya mauzo ameongeza mapipa bilioni 5 ambayo hakuna mtu atakayeyaona.

Ndani ya akiba kuna ngazi tatu. 1P, au P90, ni kiasi ambacho kuna uwezekano wa asilimia 90 kwamba kitafikiwa au kuzidi. 2P ni asilimia 50. 3P, au P10, ni asilimia 10. Wageni hugeuza: wanaona P90 wanadhani ndiyo namba kubwa. Ni ndogo kuliko zote, kwa sababu ndiyo yenye uhakika zaidi.

Onyo moja la wenye vitalu vingi: usijumlishe P90 za vitalu vitano ukaita jumla hiyo P90. Ni nadra vitalu vyote vitano kufanya vibaya kwa pamoja, kwa hiyo jumla yako itakuwa ndogo kupita kiasi. P10 ukizijumlisha hivyo, kosa linakuwa upande wa pili.

## Hatua ya 2: Nyoosha vipimo

Fanya hivi kabla ya chochote kingine, maana makosa ya vipimo hayaonekani kwa macho.

Mita moja ya ujazo ni mapipa 6.29. Kwenye nyaraka za Kimarekani, herufi M moja mbele ya kipimo ni elfu, na MM ni milioni. Ukisoma M kama milioni umezidisha kitalu mara elfu moja. Hilo hutokea, na hutokea kwa watu wenye digrii.

Angalia pia kama uzalishaji umeandikwa kwa siku za kalenda au kwa siku ambazo kisima kilifanya kazi. Kisima kilichotoa jumla ya mapipa 3,000 katika siku 20 kisha kikasimama siku 10, kwa kalenda ya mwezi kimetoa mapipa 100 kwa siku, si 150.

## Hatua ya 3: Pima kilichomo ardhini

Fomula ni hii:

Mafuta ardhini = eneo × unene unaotoa × uwazi wa vinyweleo × (1 − sehemu ya maji) ÷ kigezo cha kusinyaa

Kitalu M: eneo kilomita za mraba 4, yaani mita za mraba 4,000,000. Unene unaotoa mita 12. Uwazi wa vinyweleo 0.25. Maji yamechukua 0.30 ya vinyweleo hivyo. Kigezo cha kusinyaa 1.20, kwa sababu mafuta yakipanda juu gesi iliyoyeyuka ndani yake hutoka na ujazo hupungua.

4,000,000 × 12 = 48,000,000. Zidisha kwa 0.25, unapata 12,000,000. Zidisha kwa 0.70, unapata 8,400,000. Gawa kwa 1.20: mita za ujazo 7,000,000. Zidisha kwa 6.29: mapipa milioni 44.

Hapa kosa kubwa ni unene. Tabaka zima la Kitalu M lina mita 20, lakini mita 8 kati yake ni udongo mgumu usiopitisha kitu. Anayeweka 20 badala ya 12 anapata mapipa milioni 73. Kosa la pili ni kusahau kugawa kwa kigezo cha kusinyaa, ambalo hapa linaongeza asilimia 20 ya bure.

Kwa kiwango cha uvunaji cha asilimia 20, milioni 44 zinakuwa milioni 8.8. Kiwango hicho usikiokote hewani. Kitoe kwenye maeneo yenye mwamba na mafuta yanayofanana, na uandike ni yapi. Mafuta mazito au yenye nta nyingi hutoka kwa shida. Gesi hutoka kirahisi zaidi.

Milioni 8.8 bado si akiba. Itunze kama kipimo cha kulinganishia.

## Hatua ya 4: Soma kushuka kwa uzalishaji

Kitalu kikishaanza kuzalisha, visima vyenyewe vinasema kuliko ramani. Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa mwanafunzi, kwa hiyo usiikimbize.

Chora mapipa kwa siku dhidi ya muda, mhimili wa wima ukiwa wa logariti (alama zake zinapanda kwa mara kumi: 10, 100, 1,000). Nukta zikikaa kwenye mstari ulionyooka unaoshuka, kushuka ni kwa uwiano ule ule kila mwaka. Zikipinda na kulegea kadiri muda unavyokwenda, kasi ya kushuka inapungua na utahitaji fomula yenye kigezo b kati ya 0 na 1. Anza na mstari ulionyooka. Ndio wa tahadhari zaidi.

Kabla ya kuchora, ondoa:

- miezi ambayo kisima kilifungwa kwa matengenezo au umeme ulikatika;
- kipindi cha mwanzo ambapo uzalishaji ulibanwa kwa makusudi na valvu. Mstari wa bapa wa kipindi hicho hausemi lolote kuhusu kushuka;
- kipindi ambacho visima vipya vilikuwa vinaongezwa. Visima vipya huficha kushuka kwa vile vya zamani, na jumla ya eneo inaonekana imetulia wakati kila kisima kinazama. Chora kisima kimoja kimoja.

Kupata kiwango cha kushuka, tukiite D, tumia =SLOPE ya LN ya uzalishaji dhidi ya miezi, kisha zidisha kwa −12 (mteremko wenyewe hutoka hasi). Kitalu M kinatoa mapipa 2,000 kwa siku leo, na D ni 0.15 kwa mwaka.

Sasa mtego. D ya 0.15 haimaanishi kwamba uzalishaji unashuka asilimia 15 kwa mwaka. Baada ya mwaka mmoja unabaki na 2,000 × EXP(−0.15), yaani 1,721. Hiyo ni asilimia 13.9. Kama ripoti imesema "asilimia 15 kwa mwaka", D yako ni −LN(0.85), yaani 0.1625. Tofauti hiyo ndogo, kwa Kitalu M, ni mapipa zaidi ya 320,000 hadi mwisho wa maisha yake.

Uzalishaji wa mwaka mzima usiuchukue kwa kuzidisha 2,000 × 365, maana kitalu hakikukaa kwenye 2,000 mwaka mzima. Tumia:

Mapipa ya mwaka = (kiwango cha mwanzo − kiwango cha mwisho) × 365 ÷ D

Mwaka wa kwanza: mapipa 678,000. Miaka inayofuata, zidisha kila mara kwa EXP(−0.15): 583,000, 502,000, 432,000, 372,000, na kuendelea.

## Hatua ya 5: Tafuta bei ya kisimani

Bei ya Brent, mafuta ghafi yanayotumika kama kipimo cha bei duniani, unayoisikia kwenye taarifa ya habari haifiki kisimani. Toa punguzo la ubora na nauli yote hadi bandarini. Mafuta ya Uganda yana nta, huganda yakipoa, na ndiyo maana bomba lake linapashwa moto njia nzima. Joto hilo lina bili, na bili inalipwa na pipa.

Kitalu M: Brent dola 70, punguzo na usafiri dola 8, bei ya kisimani dola 62. Mrabaha asilimia 12.5, ambacho ndicho kiwango kilichowekwa na mkataba wa mfano wa Tanzania wa 2013 kwa nchi kavu (kina kirefu cha bahari kilipewa 7.5). Inabaki dola 54.25. Gharama zinazofuata pipa ni dola 14. Kila pipa basi linaleta dola 40.25 za kulipia gharama zisizobadilika.

Hiyo dola 14 iangalie kwa jicho kali. Visima vikizeeka hutoa maji zaidi. Maji yakiwa nusu, unapandisha mapipa mawili ili upate moja la mafuta. Yakiwa asilimia 90, unapandisha kumi. Umeme na kemikali zinalipwa kwa yote kumi. Kwenye mfano huu tumeiacha 14 ili hesabu ifuatike, lakini kwa kitalu halisi chora mstari wa maji na uiongeze mwaka hadi mwaka.

## Hatua ya 6: Kikomo cha kiuchumi

Hapa ndipo akiba inapozaliwa, na ndipo wengi wanaporuka.

Gharama zisizobadilika za Kitalu M ni dola milioni 4 kwa mwaka. Gawa kwa 40.25: mapipa 99,400 kwa mwaka, au 272 kwa siku. Kikishuka chini ya hapo, kila siku ya kazi inakula fedha.

Mapipa kutoka 2,000 hadi 272 kwa siku:

(2,000 − 272) × 365 ÷ 0.15 = milioni 4.20

Ungeendelea milele ungepata milioni 4.87. Mapipa 660,000 ya tofauti yapo, yangetoka, lakini si akiba.

Sasa weka Brent dola 50 badala ya 70. Bei ya kisimani inakuwa 42, baada ya mrabaha 36.75, baada ya gharama 22.75. Kikomo kinapanda hadi mapipa 482 kwa siku na akiba inashuka hadi milioni 3.69. Mwamba haujabadilika hata chembe. Nusu milioni ya mapipa imefutika kwa bei peke yake. Ndiyo sababu namba ya akiba isiyotaja bei yake haina maana, na ndiyo sababu wasimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani hawaruhusu kampuni kujichagulia: sheria zao zinadai wastani wa bei ya siku ya kwanza ya kila mwezi kwa miezi 12 iliyopita.

Utajuaje uko sawa: Kitalu M kimeshatoa milioni 3.6. Ongeza 4.2, jumla 7.8. Gawa kwa 44: asilimia 17.7. Iko chini kidogo ya ile 20 ya hatua ya 3, nayo inaingia akilini. Ingekuja asilimia 45, rudi nyuma: ama ramani ni ndogo kuliko ukweli, ama mstari wako wa kushuka umechorwa na mtu mwenye matumaini.

## Hatua ya 7: Mtiririko wa fedha, mwaka kwa mwaka

Uwekezaji wa leo ni dola milioni 45 (kununua sehemu na kukarabati visima). Kwa kodi, tuchukulie unagawanywa sawa kwa miaka mitano, milioni 9 kila mwaka. Kodi ya kampuni asilimia 30.

Mwaka wa kwanza: 678,000 × 40.25 = milioni 27.3. Toa 4, inabaki 23.3. Kwa ajili ya kodi toa 9, inabaki 14.3, kodi yake ni 4.3. Fedha mkononi: milioni 19.0. Angalia kwamba ile 9 inapunguza kodi tu, haitoki mfukoni. Anayeitoa kwenye fedha ameitoa mara mbili, maana milioni 45 zimeshatoka siku ya kwanza.

Namba hizi ni milioni za dola, isipokuwa mapipa ambayo ni maelfu. Hapa ni baadhi ya miaka tu, na safu ya mwisho inaelezwa hatua ya 8:

| Mwaka | Mapipa | Kabla ya kodi | Baada ya kodi | Thamani ya leo |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 678 | 23.3 | 19.0 | 18.1 |
| 2 | 583 | 19.5 | 16.3 | 14.2 |
| 3 | 502 | 16.2 | 14.0 | 11.1 |
| 5 | 372 | 11.0 | 10.4 | 6.8 |
| 10 | 176 | 3.1 | 2.2 | 0.9 |
| 13 | 112 | 0.5 | 0.4 | 0.1 |
| 14 | 96 | −0.1 | funga | |

Mwaka wa 14 ni hasara, kwa hiyo kitalu kinafungwa mwisho wa mwaka wa 13, kikiwa kimetoa mapipa milioni 4.17.

Kufunga si bure. Visima vinazibwa kwa saruji, mabomba yanang'olewa, ardhi inasafishwa. Weka dola milioni 8 mwaka wa 14. Na kumbuka jambo linalowauma wengi: gharama hii inakuja wakati hakuna mapato tena, hivyo mara nyingi hakuna kodi ya kuipunguzia. Isipokuwa mkataba umeruhusu kuweka akiba ya fedha mapema, ihesabu nzima.

Mambo ya kuacha nje ya jedwali: fedha zilizokwisha kutumika zamani (isipokuwa nafuu ya kodi iliyobaki juu yake), na riba ya mkopo, maana kiwango cha kupunguzia cha hatua inayofuata tayari kimebeba gharama ya mtaji. Bei ukiiacha bapa bila mfumuko, gharama nazo ziache bapa. Wapo wanaopandisha bei kila mwaka na kusahau gharama. Hao huwa na miradi mizuri kwenye karatasi.

Fanya yote kwa dola. Gharama za shilingi zibadilishe kwa kiwango kimoja kilichoandikwa kwenye ukurasa wa makisio.

## Hatua ya 8: Ilete thamani leo

Dola ya mwaka ujao ina thamani ndogo kuliko ya leo, kwa hiyo ipunguze. Tumia kiwango cha kupunguzia cha asilimia 10 kwa mwaka, na uchukulie fedha zinaingia katikati ya mwaka, kwa sababu mafuta huuzwa mwaka mzima. Kigezo cha mwaka n ni 1 ÷ 1.10^(n − 0.5). Mwaka wa kwanza 0.953, wa tano 0.651, wa kumi 0.404.

Jumla ya safu ya mwisho, kwa miaka yote 13, ni milioni 70.1. Toa gharama ya kufunga kwa thamani ya leo, 2.2. Toa uwekezaji, 45. Thamani halisi ya sasa (NPV) ya Kitalu M ni dola milioni 22.9. Bila kupunguza chochote ungesema 41.7. Mtaji unarudi ndani ya mwaka wa tatu.

Kuwa makini na =NPV ya jedwali. Inachukulia seli ya kwanza iko mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukiingiza ule uwekezaji wa leo ndani yake, unausukuma mwaka mmoja mbele, na jibu linakuwa 18.0. Ukiuweka nje lakini ukaacha fedha ziingie mwisho wa mwaka, unapata 19.8. Kitalu ni kile kile, majibu matatu. Andika umetumia njia gani.

Kiwango cha ndani cha faida, kile cha =IRR, kitumie kwa tahadhari. Gharama ya kufunga inageuza alama kuwa hasi tena mwishoni, na hesabu inaweza kuwa na majibu mawili. Thamani halisi ya sasa haina kigeugeu hicho.

## Hatua ya 9: Itikise

Badilisha kitu kimoja kwa wakati: bei, kushuka, gharama, muda wa kuchelewa. Kwa Kitalu M, Brent ya 50 inaleta hasara ya dola milioni 13 na kitalu kinafungwa baada ya mwaka wa 9. Mizani inasimama sifuri karibu na dola 57. Namba hii ya 57 ndiyo ya kumpa bosi kwanza, kabla ya 22.9, maana anaweza kuilinganisha na soko asubuhi hiyo hiyo.

Kama kisima hakijachimbwa, ongeza uwezekano wa kukosa. Tuseme ukipata ni dola milioni 150, ukikosa umepoteza 40, na nafasi ni asilimia 20: 0.2 × 150 = 30, toa 0.8 × 40 = 32. Jibu ni hasara ya milioni 2. Milioni 150 zinavutia macho, lakini hazitoshi kubeba visima vinne vikavu.

## Hatua ya 10: Sehemu yako ni ipi?

Mpaka hapa tumehesabu kana kwamba kitalu ni chako chote na unalipa mrabaha na kodi tu. Tanzania, kama Uganda, hutumia mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji, na mambo yanabadilika.

Chukua mapipa 100, kwa vipengele vya kubuni. Mrabaha 12.5, yanabaki 87.5. Mkataba unaruhusu hadi nusu yake kurejesha gharama: 43.75. Nusu nyingine ni mafuta ya faida; kampuni inapata asilimia 40 yake, yaani 17.5. Kampuni inaondoka na mapipa 61.25, na hayo tu ndiyo inayoweza kuandika kwenye vitabu vyake.

Linalowashangaza wageni ni hili: bei ikipanda, gharama zile zile zinarejeshwa kwa mapipa machache, na mapipa ya kampuni yanapungua ingawa fedha zake zinaongezeka. Ukiona kampuni imetangaza akiba imeshuka mwaka ambao bei ilikuwa nzuri, soma mkataba kabla ya kulaumu visima.

Tafuta pia tarehe ya leseni kuisha. Kitalu M kinaishi miaka 13. Leseni ikibakiza 9 bila haki ya kuongeza, mapipa baada ya mwaka wa 9 si yako.

## Ikiwa ni gesi

Tanzania inazalisha gesi, si mafuta: Songo Songo iligunduliwa 1974 na Mnazi Bay 1982. Hatua ni zile zile, isipokuwa mbili.

Ya kwanza ni kipimo cha shinikizo. Gawa shinikizo la mwamba kwa z, kigezo kinachosahihisha tabia ya gesi halisi, kisha chora jibu dhidi ya gesi iliyokwisha toka. Likianza 3,000 na kufika 2,600 baada ya futi za ujazo bilioni 20, gesi yote ni 20 × 3,000 ÷ 400 = bilioni 150. Ukikisia utafunga likifika 600, utatoa 150 × (1 − 600 ÷ 3,000) = bilioni 120. Usichore shinikizo tupu bila z. Mstari utapinda na utakosea kiasi. Na mstari ukilegea badala ya kunyooka, kuna maji yanayosukuma kutoka chini: ukiuendeleza utapata gesi nyingi kuliko iliyopo.

Ya pili ni mnunuzi. Pipa la mafuta ghafi hupata soko popote meli inapofika. Gesi ina bomba moja na mteja mmoja au wawili, kwa bei ya mkataba. Zile futi za ujazo trilioni 57 na ushee zinazotajwa kila mara ni gesi iliyogunduliwa ardhini, nyingi ikiwa kina kirefu cha bahari, na hadi 2024 mradi wa kuisindika Lindi ulikuwa haujapata uamuzi wa mwisho wa uwekezaji. Kwa makundi ya hatua ya 1, sehemu hiyo ya baharini ni rasilimali zinazosubiri.

Kwa hiyo kwenye safu ya mauzo ya kila mwaka usiandike kile ambacho visima vinaweza kutoa. Andika kiasi ambacho mnunuzi amesaini kuchukua, na pembeni yake uandike namba ya kifungu cha mkataba.